Kwa Nini Nilikuondoa Barabarani

Feza mwanangu,

Umevuka mto kwenda Alunguli kuwaaga ndugu za baba yako, na najua hawatakuachilia kabla hujala wali na kuku na kusikiliza maneno mengi. Kwa hiyo nina nafasi. Begi lako limefungwa. Ubao wako wa kutelezea umeegemea ukuta karibu na mlango, magurudumu yake yametazama nje. Kesho saa kama hizi utakuwa Kinshasa, na mimi nitapika wali wa mtu mmoja, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe.

Habari za kuchemsha maji, za kutotembea na simu mkononi, za kumsalimia mwenye nyumba kila asubuhi, shangazi yako amekwisha kukuambia mara tatu, na mara zote tatu nilikuona ukitazama dari. Sitazirudia. Nina maneno mengine. Nimeyaweka miaka mingi kwa sababu kila nilipotaka kuyatoa ulikuwa karibu mno, unanitazama usoni. Kumwandikia mtu ambaye kiti chake kiko tupu ni rahisi zaidi. Najua huo nao ni woga. Lakini habari ninayotaka kukupa yote ni ya woga, basi na tuanzie hapo.

Unajua nilikuwa na rafiki aliyeitwa Mwayuma. Unajua mguu wake uliharibika wakati wa vita. Hayo nilikuambia. Sikukuambia kwamba mimi na yeye tulikuwa na ubao.

Tulikuwa na miaka kumi na sita. Mji wetu ulikuwa umezingirwa. Wenye silaha walikuwa msituni kila upande, wengine walikuwa humu mjini, na sisi tulibaki katikati. Hakuna aliyekwenda shamba, maana waliokwenda hawakurudi. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mawese, siku nyingine bila chumvi. Treni haikuja tena, majani yakaota katikati ya reli. Baba yake Mwayuma alikuwa fundi wa reli, na kwa kuwa hakuwa na treni ya kutengeneza, alichukua mbao za masanduku ya mizigo, akaziunga zikawa ubao mmoja mrefu kama mlango, akaupigilia chini vigurudumu vinne vya chuma alivyovitoa kwenye mashine mbovu. Tukaufunga kamba. Tukawa tunawabebea watu vitu: madumu ya maji kutoka mtoni, kuni, magodoro ya waliohama mtaa kwa mtaa. Mara moja tulimpeleka hospitali mwanamke mwenye mimba, amelala juu ya ubao anatuambia tukimbie, kisha anatuambia tusikimbie.

Ubao ule ulikuwa na kelele sana. Chuma juu ya lami. Hata aliye mbali alijua tunapita. Mizigo ikiisha, tuliupandisha hadi juu ya mteremko unaoshuka bandarini, tunaketi mmoja nyuma ya mwingine, tunajiachia. Siku moja Mwayuma akasimama. Hakuniambia. Nilikuwa nimemshika kiunoni, kiuno kikapanda kikanitoka, nikajikuta nimekumbatia miguu.

"Wee binti, shuka apo! Utavunja shingo!" akapiga kelele mama mmoja aliyeuza chumvi kando ya barabara.

"Mumuache! Iko anasimama muzuri!" mwanaume mmoja akamjibu.

Akashuka hivyo hadi chini, mikono ameinyoosha kama mtu anayevuka kijito juu ya gogo. Feza, watu walicheka. Yule mama wa chumvi alicheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge. Kwa miezi ile yote, nilikuwa nimesahau jinsi watu wazima wanavyosikika wakicheka.

Tuliendelea hivyo kwa majuma kadhaa, na mimi pia nikajifunza kusimama. Kisha asubuhi moja tulikuwa na madumu manne ya maji, tuko katikati ya barabara, risasi zikaanza upande wa soko. Tukavuta mbio. Gurudumu likaingia shimoni, ubao ukapinduka, madumu yakamwangukia Mwayuma mguuni. Nilisikia mfupa. Aliniita, "Mwamini!" Mara moja tu.

Nami nikakimbia.

Sikukimbia kutafuta msaada. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka hivyo, na kumbukumbu haikubali. Nilikimbia hadi nyumbani, nikaingia chini ya kitanda cha bibi yako, nikakaa humo na mkono mdomoni mpaka jua likageuka. Bibi yako aliniuliza, "Mwayuma yuko wapi?" Nikasema sijui. Nilijua hasa yuko wapi, mbele ya nyumba gani, karibu na shimo gani.

Mama wa chumvi ndiye aliyemwokota. Alimvuta hadi mtaroni, akamlalia juu wakati risasi zikipita, na zilipopungua akamweka juu ya ubao uleule, akamsukuma hadi kwao. Chumvi yake aliiacha barabarani. Sikulijua hata jina lake, na nilipoanza kumtafuta nikiwa mtu mzima niliambiwa amekwisha kufariki.

Kesho yake nikaenda kumwona Mwayuma. Mguu umefungwa kwa vijiti, uso umevimba kwa kulia. Nikamwambia, "Nilizani uko nyuma yangu. Nilizani tunakimbia sisi wawili."

Akanitazama sana. Kisha akasema, "Ndiyo."

Nilishukuru kwa ile ndiyo. Nikatoka pale mwepesi kabisa. Sikurudi tena zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili nilisimama mlangoni. Njia ilipofunguka, familia yao ikahamia Kibombo, baba yake akimsukuma juu ya baiskeli. Sikwenda kuwaaga.

Sasa unielewe vizuri. Mtu akifanya jambo kama lile, hutafuta pa kulitua. Mimi nililitua barabarani. Nikaanza kusema, kwanza moyoni, baadaye kwa mdomo: barabara haina huruma, barabara humwacha mtu. Nikalisema hadi nikaliamini. Baba yako alipokwenda Kampene kuchimba dhahabu akasema ni miezi mitatu, ulikuwa na miaka minne; alipoacha kutuma habari, na tukasikia kwamba huko ana mke na watoto, nikasema tena, unaona, barabara imemmeza. Haikummeza. Alikwenda kwa miguu yake, na anayo mpaka leo. Lakini mimi nilishazoea wimbo wangu.

Kisha wewe, ukiwa na miaka kumi na miwili, ukaleta ubao nyumbani.

Uliutoa sokoni, kwenye lundo la mitumba, chini ya viatu. Hakuna aliyejua ni kitu gani. Muuzaji alidhani ni rafu ya kabati. Ulipousimamia uani kwetu na kuteleza hatua mbili, nilikupigia kelele ushuke. Ulidhani nimekasirika kwa sababu wewe ni msichana. Majirani walisema hayo, mimi sikuyasema. Nikakuacha udhani hivyo, maana sababu yangu hasa ilikuwa mbaya zaidi.

Hukuwa na mwalimu. Mwalimu wako alikuwa barabara. Ulijifunza kokoto inavyosimamisha gurudumu na mwili unavyoendelea mbele peke yake. Ulijua lami ipi imebaki nzima, vibaraza gani vina saruji ya wazungu wa zamani, ngazi zipi za lile jengo lililofungwa karibu na soko zina ukingo wa chuma. Wauza nyanya walikuondolea vikapu upite. Madereva wa pikipiki walikupigia honi, wengine kwa hasira, wengine kwa salamu. Ulirudi nyumbani magoti yamechubuka na mdomo umejaa habari: nani alisema nini, nani alijaribu akaanguka, mzee gani aliomba asimame juu yake kidogo tu. Nilikuwa nikikupaka dawa nikisikiliza, na nilikuwa na wivu. Ndiyo. Nilikuwa na wivu na mtoto wangu mwenyewe.

Ulipofika miaka kumi na mitano, pikipiki ikakuangusha. Ulivunjika mkono, dereva akaingia mtaroni na abiria wake na debe la mawese. Waliponiita nikakukuta umezungukwa na watu, mmoja amekushika kichwa, mwingine anakupepea kwa kifuniko cha sufuria. Sikuwaona. Niliona lami tu.

Mwezi uleule nikaenda kwa wale wageni waliokuwa wakifanya kazi na watoto, waliokuwa wamejenga uwanja ndani ya ukuta. Nikakuombea nafasi. Unaukumbuka kuliko mimi: saruji laini kama sahani, vilima viwili, bonde moja la mviringo, kofia ngumu za kuvaa kichwani, daftari la kuandika jina, na Papa Juma mlinzi langoni. Hakuna kokoto, hakuna pikipiki, hakuna mbuzi. Nikakuambia utateleza humo au hutateleza kabisa.

Sitasema ulikuwa mahali pabaya. Ulijifunza mambo ambayo barabara isingekufundisha: kupanda ukingo wa bonde na kugeuka hewani, kurudia kitu kimoja mara hamsini mpaka miguu ikijue bila wewe. Nilipoona umbo ulilolipata, bega na mgongo, nilijivuna. Usiku nililala. Lakini ulirudi nyumbani bila habari. Magoti mazima, mdomo umefungwa. Nikikuuliza, "Habari ya leo?" unasema, "Nzuri, Mama." Mara moja tu ulisema zaidi.

"Kule ndani niko nazunguka tu, Mama."

Nikakujibu, "Kuzunguka njo kuzuri. Muntu mwenye kuzunguka hagongwe na pikipiki."

Ulicheka kidogo kwa adabu. Sikusikia kwamba umeniomba kitu.

Siku moja nilitoka sokoni mapema nikapita kule. Papa Juma akanifungulia kidirisha cha lango. Ulikuwa peke yako katika uwanja wote ule. Wenzako wa barabarani hawakuweza kuingia, kwa sababu kanuni ilikuwa mtu aingie na viatu vya kufunga, nao walikuwa na kandambili au miguu mitupu. Ulishuka bondeni, ukapanda, ukageuka hewani, ukashuka. Vizuri sana. Na ulipokwisha kugeuka ulitazama upande mmoja, kama mtu anayetazama walipokaa watazamaji, na pale palikuwa na ukuta.

Papa Juma akasema, "Mutoto yako anajua sana, Mama Feza. Lakini hacheke."

Nikamwambia, "Iko salama."

"Salama iko nayo," akasema. "Minasema tu hacheke."

Nikarudi nyumbani. Feza, nilikuwa nimeona. Nilielewa palepale, nikiwa bado nimeshika kile kidirisha. Na nikakuacha humo mwaka mzima mwingine, kwa sababu wewe ndani ya ukuta ulinipa mimi usingizi. Hilo ndilo kosa ninalokuomba radhi. Kukuogopea mama yeyote angekuogopea. Mimi nilikuona uko peke yako nikaenda zangu kulala, na hiyo ilikuwa mara ya pili maishani mwangu.

Wale wageni walipoondoka, uwanja ukawa ghala la mifuko ya saruji, nawe ukarudi barabarani bila kuniuliza. Nilinuna. Sikujua la kufanya na kununa kwangu, basi nikakufuata. Hili hulijui. Nilikaa nyuma ya nyanya za Mama Sifa nimejifunika kitenge kichwani, nikakutazama unajaribu ngazi za lile jengo. Ulianguka. Ukaanguka. Ulipoanguka mara ya nne, mama wa maandazi akasema, "Inuka, mama, haujafa." Mara ya sita, mtu akaleta maji. Wanaume wawili wakasimamisha pikipiki zao kuzuia njia, hakuna aliyewatuma. Mara ya tisa ukatua, ukayumba, ukasimama, na soko lote likapiga ukelele kana kwamba timu yetu imefunga bao. Mama Sifa alinikumbatia hajui kwa nini nalia.

Nililia kwa sababu nilimkumbuka mwanamke wa chumvi. Miaka yote ile nilikuwa nasema barabara ilimwacha Mwayuma. Barabara ilimwokota. Mtu aliyemwacha nilikuwa mimi.

Ungedhani baada ya hapo nilibadilika. Na mimi nilidhani hivyo. Kisha ikaja habari ya Kinshasa, uwanja mkubwa, wewe ukafundishe watoto, wakuandalie na mahali pa kulala. Nikakupongeza mbele ya shangazi yako. Na juma lililofuata ukaanza kutafuta kadi yako ya uchaguzi, ambayo bila hiyo hupandi ndege.

Haikuangukia nyuma ya kabati, Feza. Niliitia ndani ya gunia la mchele.

Ulitafuta siku tatu. Ulitoa nguo zote, ukainua magodoro, ukaenda kuuliza kila mahali ulipopita. Na mimi nilitafuta pamoja nawe, nikisema, "Umeangalia apa? Umeangalia kule?" Siku ya tatu uliketi sakafuni, ukanitazama, ukadhani uso wangu ni wa huruma. Ukasema, "Usijisumbue, Mama. Kama haionekane, nitabaki tu. Tutakuwa sisi wawili."

Nilisikia furaha ikinipanda kutoka miguuni. Sijawahi kuogopa kitu katika nafsi yangu kama nilivyoiogopa furaha ile. Nikatoka nje nikasimama uani. Niliporudi nikasogeza kabati, nikainama, nikapiga kelele, "Hii apa!" Ukanirukia shingoni. Ukaniita mama wa baraka. Ukalala vizuri, mimi nikakaa macho.

Siku mbili baadaye nilikuambia nakwenda Kibombo kununua mchele. Nilirudi bila mchele, nikasema bei haikufaa. Nilikwenda kwa Mwayuma. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameniambia zamani kwamba anashona nguo karibu na stesheni, na nilikuwa nimekaa na habari hiyo kama mtu aliyekalia mwiba. Nilikaa nyuma ya pikipiki kutwa nzima, nimejaa vumbi mpaka kwenye meno.

Alinijua kabla sijashuka. Amenenepa, nywele zina mvi, mguu ameunyoosha kando ya cherehani, anakanyaga kwa ule mwingine. Akaniletea maji. Nikamwambia yote palepale, nimeshika kikombe sijanywa: kwamba nilimsikia akiniita, kwamba nilijua hayuko nyuma yangu.

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa natazama mugongo yako mpaka ikapotea."

"Unisamehe."

"Ile ya kukimbia nilisamehe siku ileile. Hata miye ningekimbia. Wewe njo ulikuwa na miguu." Akakata uzi kwa meno. "Ile uongo njo iliniuma, Mwamini. Ulikuja ukasema uongo, nikakubali, na kuanzia pale sikukuwa na muntu wa kuongea naye ile siku. Ilikuwa yetu sisi wawili. Ukaniachia yote."

Nilikaa kwake hadi asubuhi ya pili. Hatukuzungumza sana. Nilimsaidia kupiga pasi.

Ndiyo maana naandika. Ningeweza kukuacha uondoke unaniita mama wa baraka, na ungekwenda mwepesi, na mimi ningebaki na lile gunia la mchele. Lakini siku ile ya kadi ni yetu sisi wawili, na sitaki kukudanganya ndani yake.

Kuhusu huko uendako nina neno moja dogo, nawe utaona kama lina maana. Ingia katika uwanja wao. Saruji nzuri si dhambi. Lakini siku ya kwanza, kabla hujavaa kofia, zunguka uone lango liko wapi na ni nani wamesimama nje wakichungulia, na kwa nini hawaingii. Kama ni viatu, utajua la kufanya. Ulikuwa unajua hata ukiwa na miaka kumi na mitano, isipokuwa hakuna mtu mzima aliyekuuliza. Na siku ukichoka na ukuta, chukua wanafunzi wako utoke nao barabarani, asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Wataanguka. Waache watu wawaokote.

Barua hii nitaitia ndani ya kiatu chako cha kushoto, kile ambacho soli imelika kwa kusukumia, ambacho huwa hukivai safarini. Utaipata huko siku ya kwanza ya kazi, nami sitakuwepo kukutazama usoni. Utakasirika. Una haki. Ila nakuomba, usinyamaze na hasira hiyo. Usiniambie "Nzuri, Mama." Nipigie simu unikasirikie mimi mwenyewe, kwa sauti, kwa Kiswahili chetu, hata mbele ya watu. Nitashika simu mpaka umalize. Sitakimbia.

Mama yako,
Mwamini